Insha Isiyo na Msomaji

Katika vyuo vyetu vikuu insha imekuwa kama barua iandikwayo kwa uangalifu, ikatiwa katika bahasha, ikabandikwa stempu, kisha ikatupwa kisimani. Mwanafunzi huandika kwa sababu ameamriwa kuandika. Mwalimu husahihisha kwa sababu hulipwa kusahihisha. Baina ya hao wawili hapana aliyetaka kujua jambo, wala hapana aliyetaka kumwarifu mwenziwe jambo. Alama hutolewa, jalada hufungwa, na kila mmoja huenda zake akiwa vile vile alivyokuwa. Tumeizoea hali hii hata tunaiita mafundisho ya uandishi. Mimi nasema kuwa haistahili jina hilo, na katika kurasa hizi nataka kueleza kwa nini.

Dai langu ni moja. Uandishi haufundishiki pasipo wasomaji, na mwalimu peke yake si wasomaji. Insha ya mwanachuo na iwekwe wazi mbele ya wenziwe, isomwe, ijibiwe kwa maandishi, kisha iandikwe upya. Chuo kifundishacho kwa njia nyingine hufundisha utii wa kalamu, na utii wa kalamu ni elimu ndogo sana kwa mtu atakayeitwa msomi.

Sisemi haya kwa kuwatazama wengine tu. Mimi mwenyewe nililelewa katika desturi hiyo. Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili niliandika insha juu ya methali za baharini. Nilitumia majuma matatu. Nilikwenda kwa wazee waliopata kuwa mabaharia nikawauliza maana ya joshi, nikafahamishwa kuwa ni upande utokako upepo, na kwamba chombo hakiendi upande huo ila kikiwa na tanga zima na watu waijuao kazi yao. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini dau la mnyonge haliendi joshi: mnyonge hukosa tanga na hukosa watu, wala si kwamba hukosa juhudi. Niliona kuwa nimevumbua jambo, nikaliandika kwa furaha. Insha ilirudi na alama 14 katika 20, na chini yake maneno mawili: Jitahidi zaidi. Nilijitahidi zaidi katika nini? Mpaka leo sijui. Aliyeyaandika hakusema kama amekubali, amekataa, au hakufika ukurasa wa pili.

Mwaka uliofuata nilinunua karanga nje ya lango la chuo. Zilikuwa zimefungwa katika karatasi iliyosokotwa, na juu ya karatasi ile nikaitambua hati ya mkono wa mwanafunzi mwenzangu. Ilikuwa nusu ya ukurasa wa insha yake. Niliisoma nimesimama juani, karanga nimezimimina mfukoni. Ilieleza jinsi bibi yake alivyopima mwaka kwa kuchanua kwa miti, na ilielezwa kwa lugha nzuri kuliko yangu. Mtu yule tulikaa naye darasa moja mwaka mzima, tukala meza moja, tukakopeshana vitabu. Sikujua kuwa aweza kuandika hivyo. Chuo kilikuwa na insha yake nzima mikononi, kikaninyima. Muuza karanga alikuwa na nusu yake, akanipa.

Msomaji aweza kucheka, nami nilicheka. Lakini kichekesho hiki kimebeba hasara kubwa. Kila mwaka maelfu ya insha huandikwa na vijana wa nchi zetu juu ya mambo waliyoyaona vijijini na mijini kwao, na karibu zote hufa katika kabati za ofisi. Hasara ya maarifa ni moja. Hasara ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni ile impatayo mwandishi mwenyewe.

Mwanafunzi amwandikiaye mtahini peke yake hujifunza mambo matatu, na yote ni mabaya. Kwanza hujifunza kuandika lile ambalo mwalimu amekwisha kuliamini. Pili hujifunza kuficha asilolijua nyuma ya maneno mapana. Tatu hujifunza kujaza kurasa. Tazama mianzo ya insha zetu: "Tangu zamani za kale binadamu amekuwa...", "Kama tujuavyo sote...", "Katika dunia ya leo..." Hayo ni maneno ya mtu asiyesema na mtu. Amwambiaye jirani kuwa nyumba yake inaungua haanzi kwa historia ya moto. Husema moja kwa moja, kwa sababu mbele yake pana uso na anataka uso ule usikie. Mwondolee mwandishi uso wa msomaji, naye atakupa historia ya moto katika kurasa nne, na nyumba itakwisha.

Wala desturi hii si yetu kwa asili. Fasihi ya Kiswahili ilikua katika majibizano. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa hata karibu na mwaka 1840, alitunga mashairi yaliyosemwa hadharani na kujibiwa hadharani, na mengi kati ya hayo hayaeleweki vema mpaka ujue alikuwa akimjibu nani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi ambamo mtu wa bara na mtu wa pwani, wasiopata kuonana hata siku moja, waliulizana mafumbo na kusahihishana. Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa waliopeleka tungo zao huko kabla ya vitabu vyake kujulikana. Na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, bila vina wala mizani ya kawaida, walitokea waliosema kuwa hayo si mashairi, na walitokea waliosema kuwa ndiyo. Mabishano yale yalikuwa makali, pengine yalipita adabu. Lakini kwa sababu yake pande zote mbili zililazimika kueleza shairi ni nini, na sisi tunaofundisha leo tungali tunaishi kwa mavuno yake.

Vyuo navyo vilikuwa na ujasiri huo kabla yetu. Msimulizi, ambalo ni miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili, lilitoka mwaka 1888 katika chuo cha misheni cha Kiungani, Unguja, na wanafunzi walishiriki katika kazi yake. Kiongozi lilianzishwa katika shule ya serikali ya Tanga mwanzoni mwa karne ya 20. Huko Makerere jarida la Penpoint lilianza mwaka 1958, nalo lilichapisha hadithi za wanafunzi. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mmoja wao, wakati hakuna aliyemjua nje ya kilima kile. Dar es Salaam wanafunzi walikuwa na Darlite tangu mwaka 1966. Majarida hayo ya vyuo vikuu yalikuwa ya Kiingereza, na hilo ni somo jingine la kutuhuzunisha. Lakini kanuni yao ilikuwa sahihi: kijana husomwa na vijana wenziwe kabla hajasomwa na ulimwengu. Kosa moja tu lilikuwamo. Majarida yalikuwa ya wateule wachache. Mimi nataka lililofanyiwa wateule lifanyiwe darasa zima.

Niseme sasa jinsi nifanyavyo, ili nisishitakiwe kwamba napigania kivuli. Darasa langu la utungaji huwa na wanachuo wapatao 60. Nje ya chumba pana ubao. Kila Jumatatu insha 10 hubandikwa hapo, na wanachuo 50 waliobaki hugawanywa, watano kwa kila insha, kuandika jibu la ukurasa mmoja. Jibu lina masharti matatu. Kwanza mjibu aseme kwa maneno yake mwenyewe mwandishi amedai nini. Pili ataje mahali alipoaminishwa. Tatu ataje mahali asipoaminishwa, na atoe sababu. Majibu nayo hubandikwa. Baada ya majuma sita kila mmoja amesomwa na watu watano na amewajibu watu watano. Majuma mawili hutolewa kwa kuandika upya, kisha mzunguko wa pili huanza. Alama naitoa kwa insha ya pili na kwa majibu, si kwa insha ya kwanza. Chombo chenyewe si hoja yangu. Ubao wa mbao, daftari lizungukalo au kioo cha simu, vyote vyafaa, mradi darasa zima lione na darasa zima lijibu.

Nitatoa mfano mmoja. Mwanachuo mmoja aliandika juu ya uvuvi wa baruti. Insha yake ya kwanza ilisema kuwa uvuvi haramu ni adui wa taifa, ikaendelea kwa kurasa nne kuwalaumu wavuvi kwa ujinga na tamaa. Kama ningaliisoma peke yangu ningaliipa alama nzuri, maana sarufi yake ilikuwa safi na msimamo wake ulikuwa mwema. Miongoni mwa waliomjibu alikuwako mtoto wa mvuvi kutoka kusini. Alimwuliza maswali matatu: Ndugu yangu, umepata kumshika samaki aliyeuawa kwa baruti? Baruti huuzwa na nani? Na mvuvi wa mshipi, ambaye mwamba wake umevunjwa na wengine, yuko wapi katika insha yako?

Mwandishi alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alikwenda soko la samaki alfajiri. Huko alionyeshwa kuwa samaki wa baruti hujulikana kwa mkono kabla hajajulikana kwa jicho: nyama yake hulegea, uti wa mgongo huwa umevunjika ndani hali ngozi yaweza kuwa nzima, na huharibika upesi. Aliambiwa kuwa samaki wengi wauawao huzama wasiokotwe, na kwamba matumbawe yavunjwayo kwa mlipuko mmoja huhitaji miaka mingi kuota tena. Alikutana na mzee wa mshipi aliyepoteza mahali pake pa kuvulia, naye hakuwa mjinga wala mwenye tamaa. Insha ya pili ilikuwa na kurasa mbili badala ya nne, na ilianza kwa samaki mlegevu katika kiganja cha mwandishi. Swali la muuza baruti hakuweza kulijibu, akakiri hivyo waziwazi. Mimi, mwenye shahada ya udaktari, nisingaliweza kumwuliza maswali yale, kwa kuwa sikuyajua. Aliyeyajua alikuwa ameketi safu ya nyuma, na kwa desturi yetu asingaliulizwa.

Najua yasemwayo dhidi yangu, maana nimeyasikia katika vikao, mengine kutoka kwa watu niwaheshimuo.

Husemwa kuwa wanafunzi hawajui, na asiyejua hawezi kumfunza asiyejua. Hoja hii ingalikuwa na nguvu kama ningaliwataka wanafunzi wasahihishe ngeli na vitenzi. Siwatakii hilo; hilo ni kazi yangu na mshahara wake naupokea. Nawataka waseme: hapa nimekufuata, hapa umenipoteza. Habari hiyo hapana aijuaye ila aliyepotezwa. Mtaalamu ajuaye mada tayari huruka mitaro ya insha bila kuiona, kwa sababu anaijua njia. Mgeni ndiye atumbukiaye, na kilio chake ndicho kimwonyeshacho mwandishi palipo na shimo.

Husemwa kuwa makosa ya lugha yakibandikwa ukutani yataenea. Hasha! Makosa huenea kwa kufichwa. Kosa lililo wazi huonwa na watu 59, na aghalabu hukamatwa siku ile ile. Lililo katika jalada hukaa na mwenyewe mpaka awe mwalimu, naye alifundishe.

Husemwa kuwa hapana wakati. Na tuhesabu. Insha 60 zikija pamoja, ukazipa dakika 10 kila moja, ni saa 10 za kazi, na hapana binadamu asomaye kwa saa 10 juu ya mada moja akabaki na akili. Insha ya kwanza husomwa. Ya hamsini hutazamwa. Insha 10 kwa juma ni dakika 100, na pamoja na majibu yake ni kazi ya asubuhi moja. Wakati upo. Tunachokosa ni ukubali wa kuacha kuwa hakimu pekee, na hilo hatupendi kulisema, kwa hiyo tunasingizia saa.

Husemwa mwisho kuwa wanafunzi wataona aibu, na hapa sitajibu kwa haraka, kwa kuwa hapa nimepata kukosa. Mwaka wa kwanza wa ubao huu jibu moja la dhihaka lilibandikwa dhidi ya insha ya msichana aliyeandika kwa lafudhi ya kwao. Mimi sikulisoma mapema. Lilikaa siku mbili, na watu walicheka. Msichana yule hakurudi darasani muhula ule. Nilimfuata, nikamwomba radhi. Alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, hukuandika wewe, lakini ubao ni wako." Hapakuwa na la kuongeza. Tangu siku hiyo hapana jibu linalobandikwa kabla sijalisoma, insha za mzunguko wa kwanza hazina majina ila namba, na aliyeandika juu ya msiba wake au siri ya nyumba yao ana haki ya kunipa mimi peke yangu. Lakini sikuukunja ubao. Uwazi usio na mlinzi hudhuru. Dawa yake ni ulinzi. Anayefunga soko kwa sababu mwizi mmoja ameonekana huwanyima chakula watu wote, na mwizi hahami mji.

Kuna jambo la siku hizi ambalo wapinzani wangu hawalitaji, nami naona ndilo lenye hukumu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimekuwako programu ziwezazo kutunga insha kwa nukta chache, na Kiswahili chake huzidi kuwa laini mwaka hata mwaka. Wenzetu wamejawa na hofu. Wanadai mitambo ya kunasa wadanganyifu, wanadai adhabu, wanadai mtihani wa mkono tu. Sisemi kuwa udanganyifu ni mwema. Nauliza tu: kwa nini insha zetu zimekuwa rahisi hivi kuandikwa na kisichokuwa mtu? Jibu halipendezi. Ni kwa sababu tulikwisha kuzifanya zisiwe za mtu. Miaka mingi tumedai maneno mapana, msimamo mwema, kurasa nne. Mtambo hutoa vitu hivyo vitatu bila jasho. Kabla ya mtambo palikuwapo duka la kurudufu karatasi, liuzalo insha za mwaka jana. Na kabla ya duka palikuwapo kaka wa mwaka wa tatu. Insha isiyo na msomaji haihitaji mwandishi, na wanafunzi wetu, ambao si wapumbavu, wamelitambua hilo mapema kuliko sisi.

Ubao haumalizi hila, nisije nikajisifu. Lakini huifanya hila kuwa nzito. Mwenye insha ya kuazima hana la kumjibu mtoto wa mvuvi. Akiulizwa alimwona wapi samaki yule, itambidi aende sokoni, na akiisha kwenda sokoni hana haja tena ya kuazima.

Basi nazitaka idara zetu zifanye mambo matatu, wala hapana lihitajilo fedha nyingi. Kwanza, kanuni za kozi za utungaji ziruhusu nusu ya alama za muhula zitokane na majibu na kuandika upya. Leo kanuni nyingi hutambua insha ya mara moja na mtihani tu, na mwalimu atakaye kufanya vinginevyo hufanya kwa kuibia. Pili, kila mwisho wa mwaka insha zilizopita katika ubao zichaguliwe na wanachuo wenyewe, zikafungwe pamoja na kuwekwa maktaba, ili mwanafunzi wa kesho asome wa jana bila kungoja kununua karanga. Tatu, sisi walimu nasi tubandike zetu. Mimi nimeanza. Insha hii unayoisoma ilikaa ubaoni juma moja, ikajibiwa na watano. Mmoja wao alinambia kuwa hoja yangu juu ya wakati ilikuwa ya kiburi, nikaiandika upya mara mbili, na huenda kiburi kingalimo.

Wasiokubaliana nami wana kalamu, na jarida hili lina nafasi. Sitaki wanipe alama. Nataka waseme nimedai nini, wapi wameaminishwa, na wapi hawakuaminishwa na kwa nini.